Kijiti na Kizibo: Viungo vya Mbao za Rangi Kinzani katika Useremala wa Kitale na Bungoma

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia kitu kidogo ambacho aghalabu huamua umri wa kiti: kijiti cha mti kinachoshikilia kiungo, pamoja na mwenzake, kizibo, kinachofunika tundu la skrubu. Yanaangalia hasa vijiti na vizibo vilivyotengenezwa kwa mbao za rangi inayokinzana na ile ya chombo chenyewe. Maeneo yanayorejelewa ni Kitale, katika Kaunti ya Trans Nzoia, na Bungoma, katika kaunti ya jina hilo hilo. Katika miji hii miwili, na katika barabara inayoiunganisha kupitia Kiminini na Webuye, useremala wa jua kali ni riziki ya familia nyingi. Vitanda, makabati, meza na viti hutengenezwa na kuuzwa papo hapo kando ya njia.

Tatizo linalozua mjadala huu linajulikana na kila aliyewahi kununua kiti kipya. Kiti cha saiprasi huungwa mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamechacha, na kuuzwa mbao zikiwa zingali na unyevu. Ifikapo Januari, kiangazi huwa kimezikausha mbao hizo, ndimi zimesinyaa ndani ya matundu yake, na kiti kinayumba. Mwenye kiti huchukua nyundo na kukipigilia misumari. Msumari hupasua ubao, mpasuko huenea, na baada ya miaka michache kiti huishia mekoni. Mnunuzi amepoteza fedha zake, lakini kilichopotea kwa fundi ni kikubwa zaidi, kwani jina likishachafuka sokoni ni vigumu kulisafisha.

Hoja ya makala haya ni kwamba kijiti cha rangi kinzani kinaweza kuwa dawa ya tatizo hili. Kikitengenezwa ipasavyo, hushika kiungo kwa muda mrefu kuliko msumari. Aidha, kwa kuwa rangi yake humwita mtazamaji, huwa ushahidi wa hadharani wa kazi ya fundi: palipo na pengo huonekana, na palipo na ustadi huonekana vilevile. Sambamba na hoja hiyo, makala yanaonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kulifundisha somo hili.

Msamiati wa Kiungo

Ni vyema kuanza na maneno. Vifungio vya chuma katika Kiswahili vina majina yaliyotoka ng'ambo. Msumari ni neno lenye asili ya Kiarabu, parafujo lilitokana na Kireno, na skrubu likatokana na Kiingereza. Kwa upande mwingine, istilahi za kiungo cha mti ni za nyumbani. Sehemu iliyochongwa ikatokeza ili iingie katika ubao mwingine huitwa ulimi, na mahali unapoingia huitwa tundu. Kijiti ni udogo wa neno mti, nalo kizibo limenyambuliwa kutokana na kitenzi ziba.

Hata hivyo, mafunzo ya ufundi katika vyuo vya Kenya hutolewa kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo maneno kama vile doweli na plagi huingia karakana kwa urahisi. Neno doweli halina madhara makubwa. Neno plagi, kwa upande wake, lina utata, maadamu kwa wasemaji wengi plagi ni kifaa cha umeme au cha injini ya gari. Mwanagenzi anayeambiwa atie plagi katika kabati anaweza kudhani kwamba kabati hilo litawekewa taa. Kizibo hakizui utata huo. Makala haya yatatumia istilahi kijiti kwa kile kinachoshika na kizibo kwa kile kinachofunika.

Tofauti hiyo ya kushika na kufunika ndiyo msingi wa somo zima. Ikumbukwe kwamba mbao zina nyuzi zinazofuata urefu wa mti, kutoka shinani hadi kileleni. Katika kijiti, nyuzi hupita kwa urefu wake wote, na kwa hivyo hakivunjiki upesi kinapovutwa au kukunjwa. Kikishapigiliwa na kukatwa, kinachoonekana juu ya ubao ni vichwa vya nyuzi hizo. Kizibo hukatwa kutoka usoni mwa ubao, nyuzi zake zikiwa zimelala kwa upana. Kinachoonekana ni mistari ile ile inayopendeza katika ubao mzima.

Fundi anayevichanganya viwili hivi hupata hasara ya aina mbili. Akitumia kizibo mahali pa kijiti, kitakatika kama biskuti, kwa kuwa nyuzi zake ni fupi mno. Akitumia kijiti mahali pa kizibo, kazi haitaanguka, ila vichwa vya nyuzi vitanywa mafuta au vanishi na kuwa vyeusi kuliko alivyokusudia. Isitoshe, ubao unapokauka husinyaa kwa unene, ilhali kijiti hakipungui kwa urefu kiasi cha kuonekana. Baada ya kiangazi kimoja, mkono ukipapasa meza utahisi vinundu vidogo kila mahali palipo na kijiti.

Mizizi ya Ufundi Huu

Kuunga mbao kwa mti si jambo geni katika Afrika Mashariki. Mtepe, chombo cha baharini kilichohusishwa hasa na visiwa vya Lamu, kilishonwa kwa kamba za nyuzi za nazi bila misumari ya chuma. Mbao zake zilikutanishwa ukingo kwa ukingo na kushikiliwa kwa vijiti vya mti, na matundu ya mshono yakazibwa ili maji yasiingie. Kwa maneno mengine, kijiti na kizibo vilifanya kazi katika chombo kimoja, kila kimoja na wajibu wake, na maisha ya mabaharia yakategemea vyote viwili.

Barani, vigoda vingi vya jadi vilichongwa kutokana na gogo moja na havikuwa na kiungo chochote. Haja ya kiungo ilizidi mbao zilizopasuliwa kwa msumeno zilipoenea na watu wakahitaji makabati, meza na viti vyenye migongo. Ndipo seremala wa bara alipojikuta na swali lile lile la mjenzi wa mtepe: vipande viwili vitashikwaje visiachane?

Matumizi ya rangi kinzani kama pambo yana mifano mashuhuri kwingineko duniani. Nchini Marekani, ndugu wawili wasanifu majengo, Charles na Henry Greene, walisanifu nyumba ya familia ya Gamble mjini Pasadena, California, iliyojengwa mwaka 1908. Samani za ndugu hao zinajulikana kwa vizibo vya mraba vya mti mweusi vilivyotiwa katika mbao za rangi ya kahawia. Wengine walificha viungo vyao. Hao walivitia alama. Mtazamaji anajua papo hapo mahali ubao mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia.

Uteuzi wa Mbao

Kanuni ya kwanza katika uteuzi ni kwamba kijiti kiwe kigumu sawa na mbao kinazoziunga, au kuzishinda. Kanuni hii huweka mpaka kwa tamaa ya rangi. Kijiti cha saiprasi katika meza ya mvule kitapendeza kwa weupe wake, lakini ni laini na kitapondeka. Anayeutaka weupe huo na autumie katika kizibo, ambacho hakibebi mzigo.

Mbao zinazopatikana kwa wingi katika eneo hili zinatosheleza mahitaji. Saiprasi ina rangi ya manjano hafifu. Grevilea, mti upandwao sana mipakani mwa mashamba, ina wekundu mpole na madoa yanayong'aa. Moyo wa mkaratusi, ambao wengi huuita blugamu, una rangi ya waridi hadi kahawia nyekundu, ni mgumu, na hupasuka vyema kwa kufuata nyuzi. Sifa hiyo ya mwisho, ambayo ni kero kwa mpasuaji wa mbao pana, ni neema kwa mtengenezaji wa vijiti. Mti unaojulikana kibiashara kama tiki ya Elgon, ambao kwa hakika ni wa jamii ya mzeituni, ni mzito na una michirizi meusi. Kipande chake kidogo kikipatikana katika mabaki, hufaa kwa kijiti na kizibo pia.

Mvule unahitaji maelezo ya ziada. Rangi yake ni nzuri, lakini nyuzi zake hupishana, na kwa hivyo haupasuki kwa mstari ulionyooka. Unafaa zaidi kwa vizibo. Vumbi lake huwasha ngozi na kuudhi mapafu, kwa hivyo anayeupiga msasa hana budi kufunika pua na mdomo. Fauka ya hayo, mvule uliokatwa leo huwa wa manjano, kisha hukolea na kuwa kahawia unapokaa kwenye mwanga. Kwa sababu hiyo, rangi kinzani isiamuliwe siku ya kazi. Fundi mwangalifu huchukua vibao viwili, hufunika nusu ya kila kimoja kwa karatasi nzito, na kuvianika juani kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo atajua iwapo tofauti ya rangi itadumu au itafifia.

Suala la gharama pia linafaa kutajwa. Mnamo Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na Julai 2023 Rais akatangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo. Kipindi hicho kiliwakumbusha mafundi kwamba mbao si mali isiyokwisha. Kijiti hutumia mabaki. Kipande cha mkaratusi chenye urefu wa sentimita 30 na unene wa sentimita 3 kwa 3 hupasuliwa mara nne. Kila robo hutoa vijiti 5 vya sentimita 5, baada ya kutupa ncha zilizopondeka. Jumla ni vijiti 20. Kiti chenye miguu minne na vipande vinne vya kuikamata kina viungo 8. Kila kiungo kikipewa vijiti viwili, vinahitajika 16. Kipande ambacho kingetupwa motoni kimetosha kiti kizima na kubakiza vinne vya akiba.

Kutengeneza Kijiti

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi, na udongo upate ungali maji. Kijiti kinakaidi methali zote mbili. Kinapaswa kuwa kikavu kuliko mbao kinazoziunga. Kikiingia kikiwa kikavu, huvuta unyevu kutoka kwa jirani zake, hufura kidogo na kujibana. Kikiingia kibichi, husinyaa na kuliacha tundu wazi. Vipande vilivyopasuliwa vikaushwe mahali pakavu penye hewa, au darini juu ya meko. Njia rahisi ya kujua kama vimekauka ni kuvipima kwa mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, viko tayari.

Hatua zinazofuata ni hizi. Kwanza, kipande hupasuliwa kwa panga lililowekwa juu ya kichwa chake na kugongwa kwa nyundo ya mti. Kupasua ni bora kuliko kukata kwa msumeno, kwa kuwa mpasuko hufuata nyuzi, ilhali msumeno huzikata njiani. Pili, kipande hicho huchongwa kwa patasi au randa mpaka kiwe na pande nane na kiwe kinene kidogo kuliko kinavyotakiwa. Tatu, ncha yake huchongoka kidogo, kisha hupigiliwa kupitia bamba la chuma lenye matundu.

Bamba hilo ni chombo ambacho karakana yoyote inaweza kujitengenezea. Huhitaji kipande cha chuma chenye unene wa milimita 6 hivi. Tundu moja hutobolewa kwa milimita 12 na la pili kwa milimita 10, kwa kutumia msumari ule ule wa keekee utakaotoboa kiungo. Upande wa chini wa kila tundu hupanuliwa kidogo kwa tupa ili kijiti kikishapita kisikwame, na upande wa juu huachwa ukiwa na ukingo mkali. Kijiti hupitishwa katika tundu kubwa, kisha katika dogo, nalo bamba hukinyoa kote sawasawa.

Kuhusu ukubwa, unene wa kijiti huwa kati ya theluthi moja na nusu ya unene wa ubao. Ubao wa milimita 24, kwa mfano, unafaa kijiti cha milimita 8 hadi 12. Kijiti kinachofichwa ndani ya kiungo huchorwa mfereji mwembamba kwa urefu wake. Bila mfereji huo, gundi na hewa iliyonaswa chini ya tundu havina pa kutokea, na pigo moja la nyundo linaweza kuupasua ubao. Tundu nalo huzidishwa kina kwa milimita 2 hivi ili gundi ya ziada ipate pa kukaa.

Kwa kiungo cha ulimi na tundu, iko mbinu ambayo huufanya ushikaji kuwa imara hata bila gundi. Fundi hutoboa kwanza mguu wa kiti, kupitia kuta mbili za tundu. Kisha huingiza ulimi, hutia alama ya mahali tundu la kijiti linapoangukia, huutoa, na kuutoboa milimita 1 au 2 karibu zaidi na bega la ulimi. Kijiti chenye ncha nyembamba kinapopigiliwa, hulazimika kujipinda kidogo kupitia matundu yasiyolingana, na kwa kufanya hivyo huuvuta ulimi ndani mpaka bega likutane na mguu. Kiungo hiki huendelea kuvutwa hata kiangazi kinapofika. Hapa ndipo kijiti kinaposhinda msumari: msumari hutegemea msuguano peke yake, ilhali kijiti kina mvuto wa kudumu. Tahadhari ni moja: tofauti ya matundu ikizidi kipimo, kijiti huvunjika ndani au ulimi hupasuka.

Kutengeneza Kizibo

Kizibo huanza na tundu lake. Pale skrubu itakapoingia, hutobolewa tundu pana, tuseme la milimita 10, lenye kina cha milimita 6 hadi 10, na skrubu huzamishwa humo. Vizibo vya duara hukatwa usoni mwa ubao mkavu kwa kikatio maalumu kilichofungwa katika mashine ya kutobolea. Pasipo na mashine, vizibo vya mraba ndivyo rahisi zaidi. Tundu la duara hunyooshwa kona zake kwa patasi, kisha kizibo hukatwa kwa msumeno wa meno madogo kikiwa kinene kwa unywele mmoja kuliko tundu lake, na kingo zake za chini hulegezwa kwa msasa.

Gundi hupakwa kidogo kwenye kuta za tundu. Gundi ikimwagika juu ya ubao na kukauka, vanishi haitashika mahali hapo na doa jeupe litabaki. Kizibo huzungushwa mpaka nyuzi zake zielekee upande mmoja na za ubao, ili vyote viwili visinyae kwa pamoja. Hugongwa polepole mpaka sauti ya nyundo ibadilike na kuwa nzito, ishara kwamba kimefika chini.

Kukikata ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Anayetaka kukimaliza kwa pigo moja la patasi huenda akaona kizibo kikivunjika chini ya uso wa ubao na kuacha shimo. Hukatwa kwa msumeno juu kidogo ya ubao, kipande cha karatasi ngumu kikilinda pande zake, kisha hupunguzwa kwa patasi kali, tabaka baada ya tabaka. Mwishoni, badala ya msasa mwingi, hukwanguliwa kwa bamba jembamba la chuma au ukingo wa kioo. Msasa husukuma vumbi la mbao nyeusi katika vinyweleo vya mbao nyeupe, na weupe uliotafutwa kwa bidii huwa wa kijivu.

Kinachoonekana na Kinachoshika

Mwanafunzi wa fasihi hatakosa kuona uhusiano wa kazi hii na utunzi. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, tunga, kwa kupanga shanga katika uzi na kupanga maneno katika shairi. Katika shairi la arudhi, vina vya kati na vya mwisho husikika kama pambo, lakini ndivyo vinavyoshikanisha mishororo. Kina cha kulazimisha hulifichua pengo la mtunzi, kama vile kijiti cheusi kilicholegea kinavyolifichua pengo la seremala katika ubao mweupe. Katika sanaa zote mbili, pambo lililobeba mzigo hupimwa kwa ukali kuliko pambo tupu.

Hapa inafaa kuonya. Rangi kinzani inaweza pia kutumiwa kudanganya. Kizibo kilichogundishwa mahali pasipo na kiungo wala skrubu humfanya mnunuzi aamini kwamba kiti kimeungwa kwa vijiti, kumbe ndani mna misumari miwili. Mnunuzi anaweza kujilinda kwa kutazama uso wa duara hilo. Akiona vichwa vya nyuzi, huenda ni kijiti. Akiona mistari iliyolala, hicho ni kizibo na kinafunika kitu. Kisha akiangalie kiungo kwa upande wa pili, na akitikise kiti. Maarifa haya machache hugeuza soko: fundi mwaminifu hupata mteja anayejua anachokilipia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kijiti na kizibo vinatofautiana kwa mwelekeo wa nyuzi na kwa wajibu, kwamba kijiti kinahitaji kuwa kikavu na kigumu, na kwamba rangi kinzani huiweka kazi ya fundi hadharani. Yote haya yameelezwa kwa maneno ambayo mwanagenzi wa Kitale au Bungoma anaweza kuyaelewa bila mkalimani.

Jambo hili la mwisho linastahili uzito. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, kijana aliyeacha shule mapema na kujiunga na karakana hufundishwa kwa kutazama tu, kwa kuwa vitabu vya ufundi havijaandikwa kwa lugha anayoisema. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa orodha ya istilahi iliyobuniwa mezani. Linahitaji wanafunzi wa Kiswahili waende karakana, wakiwa na daftari, wasikilize jinsi mafundi wanavyoyaita matundu, mabega, ndimi na nyuzi, walinganishe na maneno ya pwani, kisha waandike. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati ya kujitegemea mwaka 2015, kiko katika Kaunti hiyo hiyo ya Bungoma, na karakana haziko mbali. Kiti kinachoyumba kinamgharimu fundi mteja mmoja. Somo lisiloandikwa hukigharimu kizazi kizima cha mafundi, na kazi ya kuliandika ni ya wanaoisoma lugha hii.